Mwendo wa Kyalami na Mwendo wa Ikolo

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa wahitimu, Ikolo. Yamechapwa kama yalivyotolewa.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wetu mliofika, wahitimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa sababu sisi wakubwa tumechukua madawati yenu: mugonile.

Katibu wa mkutano aliponiandikia barua ya mwaliko alitaka nizungumze juu ya maisha ya Afrika Kusini. Nilimjibu kwamba hapa Kyela habari za Afrika Kusini si jambo geni. Kabla ya uhuru vijana wengi wa Rungwe na Kyela walichukuliwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu Johannesburg, na babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Baada ya uhuru wa 1961 serikali yetu ilisimamisha uajiri ule. Babu alikuwa amekwisha kurudi, na baiskeli, mablanketi mawili na kikohozi. Baiskeli iliibwa, mablanketi yakachakaa, kikohozi ndicho kilichokaa naye mpaka mwisho. Basi nikamwomba Katibu anipe nafasi ya kuzungumza juu ya pikipiki. Akacheka. Nadhani alijua ni pikipiki gani, maana wengi wenu mliiona hapa Desemba ya 2022, na wengine mlipanda juu yake mkapigwa picha.

Nataka leo niwaeleze pikipiki ile ilikuwa kitu gani, nilijifunza wapi kuiendesha, na nilifanya nini nayo nilipofika nyumbani. Hilo la tatu baadhi yenu mnalijua kwa kusikia. Ni vizuri mlisikie kwangu.

Nilipomaliza kidato cha nne hapa sikufaulu kuendelea. Nilikwenda VETA Mbeya nikasomea umakanika, kisha nikafuata njia ya babu kwenda kusini, ila mimi nilikwenda kwa basi. Johannesburg nilipata kibarua katika gereji ya pikipiki kubwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa naosha. Mwaka wa pili nikaruhusiwa kubadili oili na tairi. Ilinichukua miaka minne kufungua injini peke yangu bila mtu kusimama nyuma yangu. Katika kazi ile unagusa kila siku vyombo ambavyo huna uwezo wa kuvinunua, na ukimaliza kukitengeneza unakiendesha kuzunguka mtaa mara moja ili ujue kama kimepona. Ule mzunguko mmoja ndio ulioniharibu. Mwanzoni mwa 2021 nilikopa nikanunua ya kwangu, mpya, ikiwa bado na karatasi juu ya tangi. Bei siitaji kwa sababu mama yangu amekaa pale.

Ilikuwa Yamaha R1. Injini yake ina silinda nne na ujazo wa sentimita 998. Kiwanda kinasema inatoa nguvu za farasi 200, na ikiwa na mafuta na oili uzito wake ni kilo 201. Sasa wekeni kando yake Boxer ya 150, hii inayobeba mchele na kakao zetu kila siku. Boxer ina farasi wapatao 12 na uzito wa kilo 120 na kidogo. Maana yake ni kwamba kwa kuongeza kilo kama 80, uzito wa mtu mzima mmoja, wamekuongezea nguvu zaidi ya mara kumi na sita. Gia ya kwanza peke yake inapita kilomita 150 kwa saa, na gia ziko sita. Humo ndani kuna kitambuzi kinachopima pikipiki imelala kiasi gani kwenye kona, na kompyuta inayopunguza nguvu ikihisi tairi la nyuma linataka kuteleza. Yamaha walianza kukiweka kitambuzi hicho kwenye R1 ya mwaka 2015. Watu wengi walionunua, nami nikiwemo, tulijipa moyo kwamba kompyuta itatushika mkono. Kompyuta inajua habari za tairi. Habari za ng'ombe haijui.

Barabarani, ndugu zangu, niseme kweli, pikipiki ile ni adhabu. Umelala juu ya tangi kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kitanda. Uzito wote unakuja kwenye viganja. Katika foleni ya mjini joto la injini linapanda mapajani mpaka unasikia kama umekalia jiko la mkaa. Ukienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa sheria mahali penye makazi hapa kwetu na tangu zamani, injini inanung'unika gia ya kwanza na hujaanza hata kuitumia. Ndiyo maana fundi mkuu wa gereji yetu, mzee mwenye mvi aliyekuwa akishindana ujanani, alinikataza kuvuta mafuta barabarani mpaka anipeleke Kyalami.

Kyalami ni uwanja wa mbio, kaskazini ya Johannesburg, jirani na Midrand. Ulifunguliwa mwaka 1961, mwaka wetu wa uhuru. Magari ya Formula 1 yalishindana pale mara nyingi kati ya 1967 na 1993. Mwaka 2014 uwanja uliuzwa kwa mnada, ukajengwa upya, na sasa mzunguko wake mmoja ni kilomita 4.522 zenye kona 16. Siku zisizo na mashindano mtu wa kawaida analipa ada, anaingia na chombo chake.

Nilidhani nitafika, nitafunguliwa geti, nitakimbia. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi na mpaka saa tatu sikuwa nimewasha injini. Kwanza wanakagua. Taa zinabandikwa plasta ili zikivunjika vioo visimwagike njiani. Vioo vya kutazama nyuma vinafunguliwa kabisa, maana pale kazi yako ni mbele. Aliye nyuma ndiye mwenye wajibu wa kukupita salama. Maji ya rejeta yasiwe na dawa ya kuzuia baridi, kwa sababu dawa ile ikimwagika kwenye lami inateleza kama mlenda. Tairi zinavishwa mablanketi ya umeme mpaka zipate joto, kwani mpira baridi haushiki. Mwendeshaji anavaa ngozi mwili mzima, kipande kimoja, chenye kinga ya uti wa mgongo, na kofia iliyofungwa mkanda chini ya kidevu. Kisha wanatugawa makundi matatu: wageni, wa kati na wepesi, kila kundi linaingia peke yake kwa dakika kumi na tano au ishirini. Kwenye kona kuna watu wenye bendera. Ya njano maana yake kuna hatari mbele, usimpite mtu. Nyekundu, wote punguzeni mrudi. Kando ya kona wameacha vitanda vya changarawe ili atakayetoka njiani azame humo asigonge kitu. Gari la wagonjwa liko tayari na daktari ndani yake. Hakuna anayekuja mbele yako. Hakuna mbuzi, hakuna mama mwenye beseni la mbasa kichwani, hakuna mtoto anayefukuza tairi.

Nimeeleza haya kirefu kwa makusudi. Watu wengi huona mbio kwenye televisheni, wakaona kijana kama Brad Binder wa Potchefstroom, aliyekuwa bingwa wa dunia wa Moto3 mwaka 2016, amelaza pikipiki mpaka kiwiko kinagusa lami, wakasema yule ana roho ngumu. Hawaoni wale watu mia waliosimama asubuhi nzima kuhakikisha kwamba akianguka atainuka.

Mzee wangu alinifanyia jambo ambalo sikulitegemea. Alibandika plasta juu ya kipimamwendo. Akasema nikitoka pale niwe nimejua nilikuwa naangalia wapi, siyo nilikuwa naenda kasi gani. Mizunguko ya kwanza alinitangulia yeye, nami nimfuate. Kila tulipotoka aliniuliza: kwenye kona ya tatu ulitazama nini? Nikajibu, nilitazama tairi lako. Akatikisa kichwa. Macho, alinifundisha, ndiyo usukani wa kwanza. Unapoingia kona unatakiwa uwe umekwisha kutazama mahali utakapotokea. Ukikaza macho kwenye shimo utaingia shimoni, hata kama barabara ina upana wa kupitisha malori mawili. Wapanda baiskeli wa hapa mnalijua hili: jiwe moja katikati ya njia, nafasi tele kulia na kushoto, nawe unalifuata jiwe lenyewe mpaka unaligonga. Hiyo si bahati mbaya. Mikono hufuata macho.

Jambo lingine lilikuwa breki, na hapa waendesha bodaboda naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nimefungua Boxer nyingi humu wilayani nikakuta breki ya mbele imelegezwa makusudi. Mwenyewe ukimuuliza anasema ya mbele inapindua. Chombo kinapopunguza mwendo, uzito wote unakimbilia mbele. Ndiyo maana abiria wako anakugonga mgongoni. Tairi la mbele linakandamizwa chini, linapata nguvu ya kushika. La nyuma linakuwa jepesi, ukilibana linafunga na kuserereka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kusimama inafanywa na breki ya mbele. Inapindua pale unapoikaba ghafla kwa hofu, au kwenye mchanga, au usukani ukiwa umekatwa. Inataka ukamuliwe kama chungwa: taratibu mwanzoni, kisha kwa nguvu. Kyalami nilikamua breki ile mara mamia kwa siku moja, na jioni vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunji kushika kijiko.

Halafu kuna hesabu, na mwalimu wenu wa fizikia ataihakiki. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka inakula mita 14, na ukishika breki vizuri kwenye lami kavu unahitaji mita nyingine kama 12. Kwa 100, kushtuka kunakula mita 28, na breki mita 50. Kwa 200, kushtuka mita 56, na breki karibu mita 200. Jumla ni zaidi ya mita 250, viwanja viwili na nusu vya mpira. Mwendo umeongezeka mara mbili, njia ya breki imeongezeka mara nne. Hakuna farasi wala kompyuta inayobadili hesabu hiyo.

Mchana mzee alitoa plasta. Kuna mahali pale Kyalami barabara inaporomoka ghafla, unaona anga tu mbele, halafu tumbo linabaki juu nawe unashuka. Wamepaita Mineshaft, yaani shimo la mgodi. Nilipopita mara ya kwanza nilimkumbuka babu, aliyeshushwa katika shimo la kweli si mbali sana na pale, kwa ujira ambao usingetosha kununua hata mnyororo wa pikipiki ile. Mzunguko uliofuata sikumkumbuka. Nilikuwa nafurahi mno. Nisiwadanganye wanafunzi: ni furaha kubwa. Kwenye sehemu iliyonyooka nilipita kilomita 230 kwa saa na mwili wangu ulikuwa umetulia kuliko ulivyo sasa ninapozungumza nanyi. Kila kitu kinanyamaza isipokuwa upepo. Nilirudi Kyalami mara nyingi mwaka ule na uliofuata, na sikuanguka hata mara moja, na hapo ndipo kiburi kilipoanza.

Desemba 2022 nikaamua kuja nayo nyumbani kwa barabara. Waliniambia pikipiki ya namna ile haisafiri safari ya namna ile, na walikuwa na haki. Nilipita Beitbridge, Harare, Tete, Blantyre, Lilongwe, Mzuzu na Karonga, siku sita. Tangi ni la lita 17, kwa hiyo kila kilomita mia mbili na kidogo unatafuta mafuta. Zimbabwe punda wamelala barabarani kama wamelipia. Siku ya tatu viganja vilikufa ganzi, nikawa naendesha kwa mkono mmoja huku mwingine naupiga pajani. Tairi la nyuma lilikwisha katikati likawa bapa, mbavuni zima, na tairi la namna hiyo ukifika kwenye kona linasita kulala halafu linaanguka ghafla. Nililigundua hilo kwenye mteremko wa Chiweta, kule Malawi, barabara inaposhuka kwa kona kali kuelekea ziwani, na malori yanapanda kwa kusota. Nilishuka pale kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Jambo moja lilinifurahisha. Johannesburg iko juu, mita zipatazo 1,700, na hewa yake nyepesi inapunguza nguvu za injini, karibu sehemu moja katika kumi kwa kila mita 1,000. Ziwa letu liko chini ya mita 500. Kadiri nilivyoshuka pikipiki ilizidi kupata pumzi, na kutoka Karonga kuja Songwe ilikuwa na nguvu ambazo Kyalami haikupata kunionyesha. Nilipaswa kulichukua hilo kama onyo.

Kasumulu maofisa wa pande zote mbili walitoka kuitazama. Kyela mjini nilisimamishwa kila hatua. Ila njia ya kuingia kwetu ilikuwa imepigwa na mvua za Desemba, na mnajua udongo wetu mweusi wa majaruba ukilowa unavyokuwa. Chini ya pikipiki ile kuna nafasi ya sentimita 13 tu. Nilikwenda mita hamsini, nikakwama. Vijana sita waliacha kulima wakaja kuisukuma, na wakati tunasukuma ikapita Boxer yenye magunia mawili ya mpunga na bibi mmoja juu yake, akatusalimu, akatupa pole. Farasi 200 katika tope, na farasi 12 wanapita wakisalimu. Tulicheka sana siku ile. Ningebaki na kicheko hicho ingekuwa vizuri.

Siku ya nne watu waliniomba niwaonyeshe. Nasema waliniomba, lakini nilikuwa nangoja kuombwa. Tulikwenda kwenye lami ya Ipinda kuelekea Matema, asubuhi, jua linapanda juu ya Milima ya Livingstone, barabara kavu. Nilikwenda na kurudi mara mbili. Mara ya pili niliona 210 kwenye kipimamwendo, nusu ya watoto wa kijiji wakiwa wamesimama kandokando bila bendera, bila changarawe, bila daktari. Nilipinda mgongo, nikaweka kifua kwenye tangi kama nilivyofundishwa. Kila nilichofundishwa nilikifanya, isipokuwa kile alichoanza nacho mzee, kwamba nisivute mafuta barabarani.

Nyuma yangu alitoka mpwa wangu na Boxer yake. Alikuwa na abiria mmoja, kijana wa kidato cha tatu wa shule hii. Walitaka wanifuate waone. Hawakuwa na tamaa ya kunishinda, hilo haliwezekani; walitaka wasinipoteze machoni. Boxer ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake, labda 90. Kofia moja iliyokuwepo ilitundikwa kwenye usukani. Abiria hakuwa na kofia. Ndama mmoja akavuka. Mpwa wangu alikanyaga breki ya nyuma, tairi likafunga, pikipiki ikaserereka kwa ubavu, wakamgonga ndama kisha wakagonga nguzo ya alama ya barabara.

Mimi nilikuwa nimekwisha kufika mbele, nimegeuza, nimevua kofia, natabasamu, nangoja watu waje.

Mpwa wangu alivunjika paja. Kijana aliumia kichwa, akakaa siku kumi na moja bila kujitambua. Yuko hapa leo, mstari wa tatu, na nimemwomba ruhusa kabla ya kuyasema haya. Alinijibu niseme yote ila nisimtaje jina. Sikio lake la kushoto halisikii. Mtihani wa kidato cha nne aliotakiwa kuufanya 2023 aliufanya 2024.

Kwenye karatasi chanzo cha ajali kiliandikwa kuwa ni mnyama barabarani. Majirani walisema ajali haina kinga, ni mipango ya Mungu, na walisema kwa wema. Hakuna aliyenishtaki. Lakini wiki ya pili nilikaa na mpwa wangu kitandani kwake, nikamuuliza kama fundi anavyomuuliza mwenye chombo: ndama ulimwona akiwa mbali kiasi gani? Akasema hakumwona mpaka alipokuwa juu yake. Nikamwuliza alikuwa anatazama wapi. Akasema, "Nilikuwa nakutazama wewe, mjomba."

Breki yake ya mbele niliikagua baadaye. Kebo ilikuwa imelegezwa. Alipoinunua alishauriwa hivyo, na mimi fundi, mjomba wake, nilikuwa nimekaa naye siku nne, nimewaacha watu waishike pikipiki yangu kila mahali, ya kwake sikuinamia hata mara moja.

Baba wa yule kijana alikuja nyumbani siku ya tatu ya ajali. Nilijiandaa kwa matusi. Aliketi, akapewa chai, akanywa. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, siku ile ulikuwa unawahi wapi?" Nilikaa kimya. Akangoja. Mama alileta ndizi, akaziweka, akaondoka, yule mzee bado anangoja. Mwishowe akasema haulizi kwa ugomvi. Mwanawe akizinduka atamwuliza ilikuwaje, naye angependa kuwa na neno la kumjibu.

Sikuwa na neno. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo, na mazungumzo haya ni sehemu ya kulitafuta.

Ile R1 ilirudi Johannesburg juu ya lori, na mwaka 2023 niliiuza. Sehemu ya fedha ilikwenda hospitali na kwenye ada, iliyobaki ikamaliza mkopo, sikubaki na kitu. Mwaka 2024 nilirudi nyumbani moja kwa moja, na sasa nina gereji ndogo ya Boxer na TVS. Msidhani nimeacha kupenda mwendo. Nikiitwa Kyalami kesho nitakwenda, na nitakimbia. Lakini kwenye lami ya Matema naendesha kama bibi yule wa magunia, na vijana wananicheka wakinipita, na baadhi yao wanajua kwa nini.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Niseme la kofia, kisha nimalize. Utafiti ambao Shirika la Afya Duniani limeutegemea kwa miaka mingi unaonyesha kwamba kofia nzuri iliyofungwa mkanda inapunguza hatari ya kufa kwa 42 katika 100, na ya kuumia kichwa kwa 69 katika 100. Iliyotundikwa kwenye usukani haina hesabu yoyote. Na abiria ana kichwa pia. Mwanafunzi ukipanda bodaboda kuja shule, wa tatu katika mshikaki, jiulize dereva anatazama wapi.

Mwalimu Mkuu ameniruhusu kutumia uwanja wa mpira kesho Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi, mvua isiponyesha. Nitakuwa na spana na kebo mpya za breki. Atakayekuja na Boxer au TVS nitamkazia breki ya mbele bila malipo. Kisha tutapanga chupa za maji, na kila mmoja ataingia na mwendo wa 30, halafu 40, akamue, tupime kwa kamba amesimama wapi. Njooni na kofia zenu. Mpwa wangu atakuja kushika kamba. Bado anachechemea lakini jicho lake la kupima ni zuri. Wasio na pikipiki waje kupanga chupa.